UZI: Mark II yenye 1JZ inachemsha kwenye foleni. Kabla ya kununua rejeta kubwa, angalia hewa inapita wapi

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Joto la mwezi wa pili limefika, na kila jioni naona Mark II, Chaser na Land Cruiser za zamani zimewekwa pembeni Mandela Road, boneti juu, mvuke unatoka. Nyingi ukisogea ukachungulia unakuta injini si ile iliyotoka nayo kiwandani. Nimeweka uzi huu kwa sababu ushauri wa mtaani kwa magari haya ni mmoja tu, "funga rejeta kubwa zaidi", na kwa wengi wetu ushauri huo unakula hela bila kugusa tatizo.

Gari yangu ni Mark II ya bodi ya GX90. Ilitoka Japani na 1G-FE ya lita 2.0. Mimi niliinunua ikiwa imeshafungwa 1JZ-GE VVT-i ya lita 2.5 pamoja na giaboksi yake ya otomatiki. Ikitembea ni gari tamu kweli. Dar mpaka Chalinze, AC imewashwa, sindano haihami. Iingize Buguruni saa kumi jioni, malori ya bandarini mbele na nyuma, joto linaanza kupanda taratibu mpaka unazima AC, unashusha vioo, halafu unaanza kutafuta pa kuegesha.

Mengine yote nitakayoandika yanatokana na jambo hili: injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, inatoa joto dogo sana kuliko ikiwa inaivuta gari kwa kilomita 100 kwa saa. Kama rejeta inalimudu joto la njia ya Chalinze, haiwezi kulishindwa joto la Buguruni kwa sababu ya udogo wake. Kilichobadilika ni hewa. Njiani gari inajitafutia upepo kwa kukimbia. Kwenye foleni upepo wote ni wa feni.

Kwa hiyo gari inayotulia ikikimbia na kuchemka ikisimama, tafuta ugonjwa kwenye hewa. Inayotulia kwenye foleni lakini ikichemka ukipanda mlima Kitonga au ukiikimbiza, tafuta kwenye maji: mirija ya rejeta iliyoziba, mpira wa chini unaonywea, wota pampu iliyolika mapanga, gasketi ya hedi. Inayochemka kote kote, pima hedi kwanza kabla ya kutoa hata shilingi kwa ajili ya kitu kingine.

Sasa niwaeleze nilichokikuta kwenye ya kwangu, maana naamini wengi mnacho hichohicho.

Gereji iliyofunga injini iliweka rejeta nene kutoka gari nyingine, eti iwe salama kwa injini kubwa. Rejeta hiyo ikala nafasi yote iliyokuwa kati yake na injini. Feni ya injini, ile inayozungushwa na mkanda, ikawa inagusa. Wakaitoa, pamoja na kava lake, ile fremu inayoizunguka feni. Mahali pake wakabandika feni mbili nyembamba za umeme za inchi 12, zimekaza moja kwa moja kwenye mapezi ya rejeta kwa vifungo vya plastiki vilivyopenya katikati ya mirija. Yaani rejeta kubwa ndiyo iliyoleta uchemshaji wa foleni.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Uso wa rejeta yangu ni takriban sentimita 70 kwa 40, yaani sentimita za mraba 2,800. Feni ya inchi 12 ina duara la kama sentimita 30, ambalo ni sentimita za mraba 700 na kidogo. Mbili zinafika 1,400, na ukitoa kitovu cha mota katikati, unabaki na chini ya nusu ya rejeta. Feni iliyogusana na mapezi inavuta hewa pale tu panga linapopita. Nusu nyingine ya rejeta imekaa bure, na mbaya zaidi hewa moto ya chumba cha injini inarudi mbele kupitia hiyo nusu na kuvutwa tena.

Kazi ya kava ni kuzuia hilo. Kava linaacha nafasi ya sentimita kadhaa kati ya feni na rejeta, linafunga kingo zote, na feni inalazimika kuvuta kupitia uso mzima. Ukiona kava limetolewa na kutupwa nyuma ya gereji, hapo ndipo foleni inapokuja kukuadhibu. Kwa gari zetu hizi, kama huna hela ya kufanya mambo mengi, tafuta kava.

Baada ya hapo nikapima umeme. Injini ikiwa sailensa na feni zinazunguka, betri inasoma volti 13.6. Nikagusa kwenye soketi ya feni yenyewe, 11.2. Volti mbili na zaidi zimepotelea njiani kwenye waya mwembamba wa redio, na ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) imebanwa kwenye skrubu yenye rangi ya bodi chini yake. Feni ya umeme ikipungukiwa volti inapungua mzunguko, na hewa inapungua nayo. Feni moja kubwa ya umeme inaweza kunywa ampea 20 hadi 30, hivyo inahitaji waya wake mnene kutoka betri, fyuzi yake, rilei yake, na ethi iliyosuguliwa mpaka chuma kinang'aa. Tofauti kati ya betri na soketi ya feni isizidi nusu volti feni ikiwa inazunguka. Pima ikiwa inazunguka, maana ikisimama itakuonyesha volti nzuri hata kama waya umeoza.

Na hakikisheni feni inazunguka upande sahihi. Shika karatasi mbele ya grili, injini imezimwa na feni imewashwa kwa waya wa moja kwa moja: karatasi inyonywe ikabane. Moja ya zangu ilikuwa inaisukuma. Waya zilikuwa zimebadilishwa, chanya kwenye hasi. Feni mbili zilizokaa bega kwa bega zikawa zinazungushiana hewa ileile.

Nilichofanya: GX90 na JZX90 ni bodi moja, na JZX90 ilitoka kiwandani na 1JZ. Kwa maana hiyo kiwanda kilishamaliza kazi ya kufikiri kuhusu rejeta, feni na kava. Nikatafuta rejeta ya unene wa kawaida ya JZX90, feni ya injini na klachi yake, na kava lake, vyote vya mtumba, kwa wauza spea wa Gerezani. Nafasi ikarudi, feni haigusi. Zile feni mbili nyembamba nimezitoa. Mbele ya kondensa (rejeta ndogo ya AC) nimeacha feni moja ya umeme inayowaka pamoja na AC.

Halafu nikaziba mianya. Hii watu wanaidharau sana. Kati ya kondensa na rejeta, na kati ya rejeta na fremu yake, kiwandani kunakuwa na vipande vya sponji na vipande vya plastiki pembeni. Injini ikihamishwa, vyote vinapotea. Hewa ni mvivu, inapita penye njia rahisi, na mwanya wa vidole viwili pembeni ni rahisi kuliko mapezi. Nimetumia sponji nyeusi ngumu, ile ya matundu yaliyofungwa isiyonyonya maji, nikazungushia kote. Nikarudisha na kava la chini ya injini. Kwenye foleni kava hilo linazuia hewa moto iliyotoka nyuma ya rejeta isipite chini ya bampa na kunyonywa tena mbele. Mafundi wengi wanalivua kubadilisha oili na halirudi tena.

Matokeo: Buguruni ileile, jioni ileile, AC imewashwa, shingo ya mpira wa juu inakaa nyuzi 90 hadi 95 na haiendi zaidi. Zamani ilikuwa inapita 110 na inaendelea kupanda.

Mtaniuliza nyuzi nimezijuaje. Msiiamini sindano ya dashibodi. Geji nyingi za Toyota za miaka ile zimetengenezwa sindano ikae katikati kwa joto la kuanzia kama nyuzi 75 mpaka zaidi ya 100, ili dereva asihangaike. Ikianza kupanda, umeshachelewa. Kwenye gari iliyobadilishwa injini kuna na jambo lingine: sensa ni ya injini mpya, geji ni ya gari ya zamani, na hazikuzaliwa pamoja. Weka geji ya pili yenye namba, na sensa yake iingie kwenye kipande cha bomba kinachokatiwa katikati ya mpira wa juu. Ukitumia kipima joto cha mwanga, kile kinachopima bila kugusa, usikilenge kwenye aluminiamu inayong'aa, kitakudanganya kwa kusoma chini. Bandika solotepu nyeusi ya umeme, lenga hapo.

Karibuni tujadili. Nitarudi kwenye maji na mfuniko wa rejeta baadaye.

Mchangiaji, Sinza

Mkuu umeandika vizuri ila umesahau dawa ya Waswahili: toa thamostati. Mimi yangu GX100 nimefungiwa 1JZ, fundi alitoa thamostati siku ya kwanza. Hapa Dar hakuna baridi, ile kitu ni ya Ulaya.

Mleta uzi

Kaka, hapa nitapingana na wewe kabisa, na ningependa wote mlisome hili.

Kwenye 1JZ thamostati imekaa upande wa maji yanayoingia injini, yaani mpira wa chini. Ina sahani mbili. Ya mbele inafungua njia ya rejeta, ya nyuma inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita rejeta. Injini ikipata moto, zote mbili zinasogea kwa pamoja: ya rejeta inafunguka, ya mkato inafungwa. Ukitoa thamostati, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji yako ya moto haifiki kwenye rejeta kamwe. Umeitoa ili ipoe, na umeifungulia mlango wa kuchemka siku ya joto kali.

Na baridi nayo ina madhara. Injini isiyofika joto lake inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inachakaa haraka, na otomatiki nyingi za Toyota haziingizi gia ya juu kabisa mpaka maji yapate moto. Ukiona gari inakunywa mafuta kupita kawaida, jibu unalo.

Nunua mpya, isiwe ya mtumba. Nyingi za Toyota zimegongwa namba 82, ndizo nyuzi inapoanza kufunguka. Itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipima joto uone inafunguka wapi kabla ya kuifunga. Na kile kijipini kidogo kinachochezacheza pembeni kikae juu, ndiyo tundu la kutolea hewa.

Mchangiaji, Tanga (fundi)

Vijana mmeongea vizuri. Niongezee kwenye feni ya mkanda, maana kijana amesema aliipata ya mtumba na hakueleza aliipimaje.

Klachi ya feni ina mafuta ya silikoni ndani. Mbele yake kuna kispringi kilichojiviringa, kinasikia joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Ikipata moto kinafungua njia, mafuta yanaingia, feni inashikana na puli. Mafuta yakivuja au yakizeeka, feni inaonekana inazunguka lakini haivuti. Zima injini ikiwa ya moto kabisa, toa funguo, izungushe feni kwa mkono. Ikigoma kidogo na kusimama yenyewe, nzima. Ikizunguka kama baiskeli iliyopinduliwa, imekufa. Angalia pia kama kuna utepe wa mafuta na vumbi umenata kuzunguka klachi, na itikise mbele na nyuma usikie bearing.

Silikoni inauzwa peke yake kwa vichupa vidogo, Toyota wana ya 3000 na ya 10000 kwa uzito. Namba ikiwa kubwa feni inashika zaidi. Ninaifungua klachi, nasafisha, naweka mpya, inarudi kazini.

Na msitie mkono wala nguo karibu na feni ya umeme hata injini ikiwa imezimwa. Nyingine zinajiwasha zenyewe joto likipanda baada ya kuzima. Nimeshaona kidole kimepotea hivyo.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Ya kwangu ilizunguka bure hivyohivyo ilipotoka sokoni, tukaiweka silikoni mpya kabla ya kuifunga. Nimefurahi umelieleza wewe mwenye mikono ya kazi.

Wadau, mzee ametukumbusha jambo lingine. Feni ya mkanda inakwenda na mizunguko ya injini. Kwenye sailensa ya 700 hata klachi nzima inapeleka hewa kidogo. Ukiona namba zinapanda na foleni haisogei, tia N, vuta breki ya mkono, shikilia mizunguko 1,300 hivi kwa muda. Feni na wota pampu vyote vinaongeza kazi. Wenye feni za umeme pekee haitawasaidia sana upande wa feni, ila alternata itatoa umeme zaidi.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi ni wa Mombasa, jamu yangu ni ya Changamwe na malori yake, nayo si haba. Corolla 100 imewekwa injini ya 4A. Naomba utuelezee maji ndugu yangu. Mimi hutia ya kisima, na kila nikifungua nakuta rangi ya kutu.

Mleta uzi

Ndugu yangu, pwani hii maji mengi ya visima yana chumvi, Dar na Mombasa ni yaleyale. Chumvi inaacha ukoko mgumu ndani ya mirija na inakula aluminiamu ya hedi na nyumba ya wota pampu. Utando mwembamba tu wa ukoko huo ukutani mwa mrija unazuia joto lisitoke. Kutu unayoiona ni bloku ya chuma inalika.

Fungulia yote, safisha kwa maji safi mpaka yatoke meupe, injini imewashwa na hita imefunguliwa. Halafu tia kulanti yenye jina linaloeleweka iliyochanganywa tayari, au ile nzito uichanganye mwenyewe na maji yaliyochujwa. Maji ya kuongezea betri yanafaa. Soma chupa vizuri dukani, isije ikawa asidi ya betri, maana zinakaa rafu moja.

Watu wanasema kulanti ni ya nchi za theluji. Kwetu tunaitafuta kwa dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani, na kwa kuinua kiwango cha kuchemka. Maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, hilo ni kweli, kwa hiyo usiitie nzito tupu ukidhani unaongeza baridi. Usizidishe nusu kwa nusu. Wala usichanganye ya kijani na ya pinki bila kusafisha kwanza, nyingine zikikutana zinaganda kama uji na kuziba mirija.

Na mfuniko. Huu ni wa bei ndogo kuliko vyote na unapuuzwa kuliko vyote. Maji ya wazi yanachemka nyuzi 100 usawa wa bahari. Mfuniko wa Toyota ulioandikwa 0.9 ukiwa mzima unashikilia presha inayopeleka mchemko mpaka karibu nyuzi 118. Mpira wake ukikauka, umerudi 100, na injini yako inayotembea kwa 95 ina pumzi ndogo sana. Usipande kwenye 1.1 kwa gari ya zamani yenye mipira ya zamani, utapasua ya hita kwanza. Mfuniko mzima pia unayarudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini ikipoa. Chupa ikijaa kila siku na rejeta ikipungua, mfuniko haunyonyi, au mpira wa chupa umetoboka.

Kufungua mfuniko gari ikiwa imechemka, hapana. Maji ya nyuzi 110 yaliyobanwa yanageuka mvuke papo hapo usoni kwako. Subiri mpaka ushike mpira wa juu kwa mkono mtupu na uubonyeze bila taabu.

Mchangiaji, Muscat

Salaam aleikum jamaa wa nyumbani. Huku mwezi wa sita tunapita nyuzi 45 na AC haizimwi, utakufa ndani ya gari. Nina Land Cruiser ya zamani, injini imebadilishwa. Mimi naona hamjasema juu ya oili ya giaboksi. Huku ndiyo iliyonitesa, si maji.

Mleta uzi

Waaleikum salaam kaka, umeleta jambo zito na nashukuru.

Wenye otomatiki sikilizeni. Ndani ya tanki la rejeta kuna kipoza cha oili ya giaboksi, mabomba mawili ya chuma yanaingia humo. Ukiwa kwenye D umekanyaga breki, koneva (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) inasugua oili na kuzalisha joto, na joto hilo lote linamwagwa kwenye rejeta ileile inayohangaika na injini. Kwenye foleni iliyosimama kabisa, tia N. Rejeta na giaboksi vyote vinapumzika.

Kwenye magari yetu ya kuhamisha injini kuna makosa mawili. La kwanza, fundi anafunga rejeta ya gari ya manyuo isiyo na kipoza, halafu anaunganisha mabomba mawili ya giaboksi kwa mpira mmoja yazunguke yenyewe. Giaboksi hiyo inaungua. Kama ndivyo ilivyo kwako, funga kipoza cha nje leo, si kesho. La pili, rejeta ya mtumba ambayo kipoza chake kimetoboka ndani: maji na oili vinakutana, na ukivuta dipstiki ya giaboksi unakuta oili ya rangi ya maziwa. Hapo usiwashe tena.

Kipoza cha nje chenye feni yake, kilichokaa pembeni badala ya mbele ya rejeta, kinaipunguzia rejeta mzigo wa foleni. Ukikiweka mbele ya rejeta umeongeza ukuta mwingine wa kuzuia hewa. Na kondensa hivyohivyo: ioshe kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa injini kwenda mbele. Wadudu, mchanga na mifuko ya plastiki vinakaa kati ya kondensa na rejeta mahali usipopaona mpaka uifungue. Taa za ziada na kibao cha namba kilichokaa katikati ya tundu la bampa navyo vinaiba hewa.

Mchangiaji, Iringa

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni dada, nina Land Rover 110 iliyofungwa 1HZ ya Toyota, lita 4.2. Ilifungwa kabla sijainunua. Mjini haina tatizo hata nikisimama muda mrefu. Nikipanda Kitonga na mzigo inachemka kabla sijafika juu. Nimeambiwa niongeze feni ya umeme mbele. Kabla sijanunua nimefanya ulivyoelekeza, nikabandika solotepu nyeusi na kupima nilipoegesha kule juu, injini ikiwa bado inazunguka. Juu ya rejeta 106. Chini 58. Katikati upande wa kushoto kuna sehemu naigusa kwa mkono na siungui.

Mleta uzi

Dada, asante kwa kuleta namba, umeturahisishia sana. Feni ya umeme usiinunue.

Kama hewa ingekuwa haba, tanki la chini lingekuwa na moto unaokaribiana na la juu, kwa sababu maji yanapita na hayapozwi. Ya kwako yanapozwa mno, yaani maji machache yanapita polepole mno. Ile sehemu ya kushoto isiyounguza ni mirija isiyopitisha kitu. Mjini 1HZ inatoa joto dogo na mirija iliyobaki inatosha. Kitonga na mzigo inahitaji rejeta nzima.

Angalia mpira wa chini kwanza, ni bure. Mwambie mtu akanyage mizunguko 2,500 injini ikiwa ya moto, wewe utazame mpira ukiwa mbali na feni. Ukinywea na kubanana, umelainika au springi yake ya ndani imetolewa, na wota pampu inanyonya mpira badala ya maji. Kwenye gari za kuunganishaunganisha mipira ya aina mbili mara nyingi springi haipo.

Mpira ukiwa mzima, peleka rejeta kwa fundi rejeta. Kama ni ya shaba afungue tanki la juu kwa kuyeyusha risasi, apitishe ufito kwenye kila mrija mpaka chini, asiridhike na kumwaga dawa tu. Simama uone mwanga unapita kwenye mirija kabla hajafunga. Kama ni ya aluminiamu yenye matanki ya plastiki, tafuta nyingine.

Wakati rejeta imetoka, angalia na usawa. 1HZ ni ndefu, wanaoiingiza kwenye Land Rover husogeza rejeta, na wakati mwingine shingo ya maji ya injini inabaki juu kuliko mdomo wa rejeta. Hewa inajificha hapo juu, kwenye hedi. Ikiwa hivyo, panda na tairi za mbele kwenye kilima au matofali, hita imefunguliwa, jaza polepole huku injini inazunguka mpaka viputo viishe.

Mchangiaji, Iringa

Mpira wa chini ni mgumu, haunywei. Nimejaza leo asubuhi kama ulivyosema, injini baridi, mfuniko wazi. Viputo vinatoka mfululizo na havijaisha hata baada ya muda mrefu. Na nikifunga mfuniko nikawasha, mpira wa juu unakuwa mgumu wakati injini bado haijapata moto.

Mleta uzi

Hapo simamisha kila kitu, dada yangu. Mpira unaokuwa mgumu injini ikiwa baridi hauna presha ya mvuke, maji hayajapata moto wa kutoa mvuke. Hiyo ni presha ya silinda inaingia kwenye maji, kupitia gasketi ya hedi au ufa. Huenda rejeta iliyoziba ndiyo iliyoanza, ikachemsha mara nyingi, hedi ikaondoka usawa.

Usipande nayo Kitonga tena, wala usiiendeshe mjini. Toa hedi ipelekwe kwa watu wenye mashine ya kupima ufa kwa presha na rula ya kupima usawa, usikubali kubadilishiwa gasketi bila vipimo hivyo viwili. Rejeta ifanyiwe kazi wakati huohuo hedi iko nje, kwa sababu hedi iliyotengenezwa ikirudi kwenye rejeta ileile itapinda tena safari ya kwanza yenye mzigo. Ukipata majibu ya vipimo yaweke hapa, na mzee wetu wa Tanga tunamuomba ayaangalie pia.